Hao jamaa wa yoti wanalala saa ngapi?

Mpwa wangu alinitumia kivideo kwa simu, kama sekunde arubaini hivi, yoti nyeusi imenyanyuka juu ya maji imesimamia bawa la upande mmoja, povu linaruka, mtu kavaa helmeti kashikilia kamba, na chini yake kaandika "mjomba kazi naitaka ndo hii, unazunguka dunia na unalipwa". Nilicheka peke yangu kwenye feri ya Likoni mpaka mama mmoja akanigeukia. Manake kwetu Mombasa neno yoti likitajwa tu picha inayokuja ni kile chombo cheupe cha tajiri kimetia nanga Kilindini, mtu kavaa miwani kajilaza, sahani ya kamba ubavuni na kitu baridi mkononi. Nikamjibu kwa swali moja, hao jamaa wanalala saa ngapi? Akaandika "usiku, kwani saa ngapi tena mjomba". Hapo nikaona niandike hii vizuri, kwake yeye na kwa wengine wanaodhani hivo hivo, kwa sababu ukishalielewa hilo swali la usingizi umeshaelewa karibu mambo yote ya mashindano ya yoti ya kuzunguka dunia.

Kwanza tutofautishe, watu wanachanganya sana. Kuna mashindano ya timu, The Ocean Race, yalianza 1973 kutoka Portsmouth kule Uingereza, zamani yakiitwa Whitbread alafu yakawa Volvo. Haya yanakwenda kwa vipande, mnatoka mji huu mnafika mji ule mnapumzika mnatengeneza chombo mnaondoka tena. Alafu kuna ya mtu mmoja, Vendée Globe, yalianza 1989, yanaanzia Les Sables-d'Olonne Ufaransa na kuishia hapo hapo, kila miaka minne, mtu peke yake na chombo chake, hakuna kuingia bandari, hakuna kuletewa kitu, ukisaidiwa umetoka. Rekodi ya sasa ni ya Charlie Dalin, alimaliza mwezi wa kwanza 2025 kwa siku 64 na masaa 19. Kabla ya hao wote kulikuwa na mzee Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake bila kusimama, 1968 mpaka 1969, siku 312. Waliondoka watu tisa akafika yeye tu. Na chombo chake kiliitwa Suhaili, kilichongwa Bombay kwa mbao za msaji, yaani ni ndugu wa majahazi yaliyokuwa yakishuka na kaskazi mpaka Bandari ya Kale. Hiyo huwa napenda kuwaambia watu wanaosema haya ni mambo ya Wazungu tu.

Hizi za leo lakini si mbao. Ni kaboni tupu, nyeusi nje nyeusi ndani, urefu mita 18 na kidogo, kama matatu tatu na nusu zimepangana stejini, na mlingoti wake mita 29, ukipanda juu ni kama uko kwenye paa la jumba la ghorofa tisa alafu jumba lenyewe linayumba. Ubavuni zina mabawa, wenyewe wanaita foili, chombo kikipata kasi mabawa yanakinyanyua kinapunguza kugusa maji ndo maana kinakimbia hivo. Mwaka 2023 timu ya Malizia ilikwenda zaidi ya maili za baharini 640 kwa masaa 24, hiyo ni kama kilomita 1,185, Mombasa Nairobi na kurudi na bado unabakiwa na safari ya kwenda Voi. Kwa upepo tu.

Sasa ingia ndani. Hakuna chumba. Hakuna mlango. Hakuna kiti cha maana. Ni kama umeingia ndani ya tangi la maji lililolazwa, sehemu nyingi husimami wima unatambaa, na kila kitu ambacho hakisaidii chombo kwenda mbio kimetolewa kwa sababu uzito ndo adui. Kuna hadithi inarudiwa sana ya mabaharia kukata mpini wa mswaki ibaki nusu. Nguo unabeba seti moja mbili za ndani na ile suti nzito ya mvua, mto wa kulalia hamna, kijiko kimoja mtu mmoja ukikipoteza utajua mwenyewe.

Tuje kwenye usingizi. Kwenye vile vyombo vya timu vilivyotumika mpaka juzi juzi, futi 65, watu walikuwa kuanzia saba mpaka kumi na moja, na mtindo wa kawaida ulikuwa zamu mbili: masaa manne juu kazini, masaa manne chini mapumziko, usiku na mchana, hivo hivo wiki tatu mwezi mzima. Nahodha na yule anayeangalia njia na hali ya hewa wao wako nje ya zamu, maana yake wanalala wakipata. Mtu akisikia masaa manne mara tatu kwa siku anapiga hesabu anasema aah kumbe wanalala masaa kumi na mbili, wananishinda mimi. Hapana. Ukishuka chini umelowa, unavua ile suti huku chombo kinakurusha ukutani, unakula, unaenda haja, unapaka dawa mikono, unajipenyeza kitandani, usingizi unakuja. Alafu kama nusu saa kabla ya zamu yako unaamshwa, kwa sababu kuvaa tena peke yake ni kazi. Kwenye masaa manne ukipata mawili na nusu ya kulala kweli umshukuru Mungu. Na hicho kitanda si chako. Ni wavu au kitambaa kimefungwa kwenye bomba la kaboni, mwenzako katoka wewe unaingia, joto lake bado liko, na jasho lake pia.

Kwenye vyombo vipya vya timu hali imebadilika kidogo, watu ni wanne tu na wa tano ni ripota, na usukani mara nyingi unashikwa na otopailoti, yaani mashine ya kujiendesha, si mtu, kwa hivo mmoja anakaa macho wengine wanapumzika kwa zamu fupi. Huyo ripota nae ana mambo yake, kazi yake ni kupiga picha na kutuma habari kwa satelaiti, sheria inamkataza kushika kamba wala kusaidia chombo kwenda, lakini anaruhusiwa kupika. Mkumbuke huyu.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na ndo kinachoua usingizi kuliko dhoruba, ni farumi. Mtu yeyote aliyepanda mashua ya mashindano kule Lamu anajua ninachosema. Upepo unasukuma tanga, chombo kinalala upande, kikilala sana kinapoteza nguvu, kwa hivo lazima uweke uzito upande unaotoka upepo ili kisimame. Kule Lamu wanahamisha viroba vya mchanga na vijana wanatoka nje kwenye ubao wanakaa juu ya maji. Kwenye yoti hizi ni kitu kile kile kimevaa suti. Mkuku wenyewe, ule uti wa chini ya chombo, unaweza kuinamishwa upande kwa mashine, kuna matangi ya maji ya bahari unajaza upande huu unamwaga ule, na juu ya hayo yote kuna mizigo: matanga ya akiba, mabegi ya chakula, vipuri, dawa, hata mabegi ya nguo, kila kitu kinapangwa upande wa upepo kwa sababu kila kilo inahesabika.

Shida inakuja mkipiga bisho. Chombo kikigeuka upepo ukaja upande wa pili, ule upande wenu wenye mizigo sasa ndo uko chini, kwa hivo kila kitu kinahama. Mamia ya kilo, matanga yamelowa mazito kama mtu amekufa, mnayaburuta moja moja gizani, chombo kimelala, mnateleza. Na waliolala je? Wanaamshwa. Kitanda nacho kinahama upande, nao ni uzito pia, mwili wako wa kilo themanini ni farumi usifikiri wewe ni abiria. Mkipita karibu na pwani au upepo unabadilika badilika mnaweza kufanya hivi mara nyingi kwa siku moja na ile ratiba ya manne kwa manne inakuwa ni mapambo ya ukutani. Nimemsikiliza mzee mmoja wa Kibokoni aliyekuwa serahangi wa jahazi zamani, nilipomweleza hili akasema sisi farumi yetu ilikuwa mawe, tukiyapanga yamekaa, hawa wamefanya watu kuwa mawe. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Na ukilala, unalala miguu ikiangalia mbele, omo, kwa sababu chombo kinachokwenda kasi ya boda boda kikigonga wimbi kinasimama ghafla na mwili wako hausimami. Bora uvunje mguu kuliko shingo. Mwaka 2023 kwenye kile kipande kirefu cha Cape Town mpaka Itajaí Brazil, baharia wa Malizia Rosalin Kuiper alirushwa kutoka kitandani akaumia kichwa, yaani amelala, hayuko kazini, ndo akapata jeraha. Mwanzoni mwa kipande hicho hicho mlingoti wao ulikuwa umepasuka huko juu karibu na ncha, ufa kama sentimita 30, wakapanda wakauziba wakiwa baharini, na bado walikuja wakashinda hicho kipande. Maili 12,750 za baharini, karibu kilomita 23,600, siku 34 na ushee. Ni kama uende Nairobi na kurudi mara ishirini na nne, bila kushuka Mtito Andei kunyoosha miguu.

Kelele sijasema. Kaboni ni kama ngoma, kila tone linalogonga nje unalisikia ndani mara kumi, mabawa yanapiga mluzi na sauti inapanda kadri kasi inavyopanda. Wengi wanavaa spika za masikioni zinazozuia sauti. Ajabu ni kwamba baada ya siku kadhaa wanalala na hizo kelele zote na kinachowaamsha ni zikibadilika, mluzi ukishuka tu mtu anakurupuka kujua kuna kitu.

Chakula. Hapa ndo mpwa wangu atalia. Kinapikwa, kinagandishwa, alafu kinanyonywa maji yote kibaki kama vumbi na vipande vya sponji, kwenye mfuko mwepesi. Ukitaka kula unachemsha maji kwenye jiko dogo moja la gesi, unamimina, unasubiri, unakula ndani ya mfuko huo huo. Watu wa zamani wa majahazi walikuwa na ng'onda na tende na mchele kwenye jiko lao la mchanga, wazo ni lile lile, toa maji kwenye chakula kisioze na kisiwe kizito, tofauti ni kwamba ng'onda ina ladha. Hawa kila mlo una ladha ya mlo wa jana hata ukiandikwa jina jingine. Na si kwamba wanakula kidogo, baridi na kazi vinataka kalori elfu tano na zaidi kwa siku, mara mbili ya mtu wa kawaida, na hata hivo wengi wanafika wamekonda manake ikifika siku ya ishirini mtu amechoka kutafuna hicho kitu. Chakula kinafungwa begi kwa kila siku, begi la siku likiisha limeisha, na kama mlikadiria siku thelathini upepo ukakata mkakaa thelathini na tano mnaanza kugawana nusu nusu na kutazamana vibaya.

Kuna Mfaransa mmoja, Yves Parlier, kwenye Vendée ya 2000 mpaka 2001, mlingoti ulimvunjikia, akaenda kutia nanga kwenye ghuba kisiwa cha Stewart, New Zealand. Bandarini haruhusiwi, msaada haruhusiwi, basi akautengeneza mlingoti mwenyewe, vile vipande vya kaboni aliviunganisha na gundi na akavikausha kwa joto la balbu za taa. Chakula kikapungua, akawa anakula mwani na samaki. Mwani, ndugu wa ule ambao kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima kuuza nje. Alimaliza, siku 126. Kwangu mimi huyo ndo bingwa wa mwaka ule ijapokuwa hakushinda kitu.

Maji ya kunywa hawabebi, mazito mno. Wana mashine inanyonya maji ya bahari inayasukuma kwa nguvu kwenye chujio laini sana linalopitisha maji na kuacha chumvi nyuma. Sisi wa kisiwani tunaonunua maji kwa mtungi kwenye mkokoteni na visima vyetu ni chumvi tupu tunaweza kuitamani hiyo mashine, ila nawaonya, ikiharibika katikati ya bahari hakuna mkokoteni wa kupita. Maji hayo ni ya kunywa na kupikia basi. Kuoga ni vitambaa vilowevu vile vya kufutia watoto, na mvua ikinyesha kwenye joto utaona watu wazima wamevua wanajipaka sabuni mbio mbio kabla wingu halijapita, na mara nyingi linapita umejaa povu. Choo ni ndoo kwenye vyombo vingi, unaweka mfuko unaooza wenyewe, unashikilia kitu kwa mkono mmoja na heshima yako kwa mkono wa pili. Majahazi yetu yalikuwa na kisanduku cha mbao kinaning'inia nje ya tezi, huko nyuma, na nikilinganisha naona tulikuwa mbele, angalau palikuwa na hewa. Takataka za plastiki hazitupwi baharini, zinafungwa zinabebwa mpaka mwisho, na zenyewe pia zinahamishwa mkipiga bisho.

Hali ya hewa ndo inayokata safari vipande vipande. Wakishuka Atlantiki wanafika karibu na ikweta, pale upepo wa kaskazini mashariki na wa kusini mashariki unapokutana, hewa ya moto inapanda juu na chini kunabaki hakuna kitu. Kwetu ule ukanda wa mawingu unahama kwa msimu ndo unatupa kaskazi na kusi, na katikati yake matlai, bahari imelala kama mafuta. Kule wenzetu lazima waukate kwa chombo, wanaweza kwenda kwa kasi nzuri alafu wakakaa siku mbili wanaelea, tanga linapiga piga, wanamuona mpinzani maili kumi mbele amepata kiupepo anaondoka. Ndani joto ni lile la mwezi wa tatu Mombasa stima imepotea na feni imesimama, ila huwezi kufungua dirisha manake wimbi moja likiingia limeingia. Vipele vya chumvi vinatoka kwenye makalio na mapajani, kidonda hakikauki, mtu anakaa upande upande.

Wiki mbili baadae wako chini ya latitudo 40 kusini, huko upepo wa magharibi unazunguka dunia nzima bila kukutana na nchi kavu ya kuuzuia, mawimbi yanakuja marefu kama kilima, maji ni ya baridi kali, kuta za ndani zinatoka jasho linadondokea usoni umelala. Waandaaji wanachora mstari kwenye ramani, ukiuvuka kwenda kusini zaidi unaadhibiwa, kwa sababu huko kuna barafu zinazoelea na rada inaweza isizione. Kuna sehemu huko Pasifiki, inaitwa Point Nemo, nchi kavu ya karibu iko kilomita 2,688, na ikitokea kile kituo cha anga za juu kinapita juu yako basi binadamu walio karibu na wewe kuliko wote ni wale walioko angani, kilomita 400 na kidogo. Ukiumia, daktari ni mwenzako aliyefanya kozi, na simu ya satelaiti kwa daktari wa kweli aliye kitandani kwake Ulaya.

Na ukianguka majini huko ni mwisho kwa kawaida. Machi 2018 John Fisher, baharia wa timu ya Scallywag kwenye yale ya Volvo, alijifungua kamba yake ya usalama kwa muda mfupi tu ili ahame sehemu, tanga likageuka upande ghafla, kamba zake zikampiga zikamtupa nje. Walirudi wakamtafuta masaa na masaa kwenye ule upepo, kama maili 1,400 magharibi ya Cape Horn, ile ncha ya kusini ya Amerika Kusini, hawakumpata. Tangu niisome habari hiyo nikiona picha ya mtu juu ya chombo jicho langu linaenda kwanza kiunoni, kajifunga au hakujifunga.

Sasa fikiria yote hayo uko peke yako. Kwenye Vendée hakuna zamu, zamu ni wewe na wewe. Wanalala vipande vya dakika ishirini, arubaini, wakipata saa nzima ni sikukuu, jumla kama masaa manne matano kwa siku imekatwa katwa. Wanafanyia mazoezi na madaktari wa usingizi kabla ya kuondoka, kujua mwili wao unazama usingizini haraka saa ngapi. Otopailoti inashika njia, rada inaangalia, kuna kifaa kinachopokea ishara za meli zingine, na kuna alamu zenye kelele ya kuamsha makaburi. Unaziamini, unalala. Boris Herrmann mwezi wa kwanza 2021 alikuwa amezunguka dunia nzima, amebakisha kama maili 90 amalize, yuko kwenye kundi la mbele, kalala kidogo, na akaamka amegonga chombo cha wavuvi. Alamu hazikulia. Alifika, chombo kimevunjika bawa, nafasi ya juu imeenda. Siku themanini macho nusu wazi, na bahari ikamdai zile dakika za mwisho.

Lakini kwenye mashindano hayo hayo ndo kulitokea la Kevin Escoffier. Novemba 30 2020, kusini magharibi ya Cape Town, chombo chake kilijikunja katikati kwenye wimbi, akapata muda wa kutuma ujumbe mfupi tu kwamba anazama, akaruka kwenye boya la kujiokolea. Aliyeambiwa akamtafute ni mshindani wake Jean Le Cam, mzee wa miaka 61, peke yake, usiku, bahari imechafuka. Alimuona, akampoteza, akarudi, na baada ya masaa kama kumi na moja na zaidi akampata kwa kale kataa kadogo ka boya. Wakakaa pamoja karibu wiki kwenye chombo cha mtu mmoja mpaka manowari ya Ufaransa ikamchukua. Hao walikuwa wanashindana, kumbuka.

Na hii bahari yetu ya Hindi nayo imo. Mwaka 2011 wale wa mashindano ya timu wakiwa safarini Cape Town kwenda Abu Dhabi, maharamia wa Kisomali walikuwa wako kwenye kilele, nyinyi mnakumbuka, kesi zao zilikuwa zikisikizwa hapa Shimo la Tewa na meli zikipita mbali na pwani yetu. Waandaaji walikubaliana na timu kwamba washindane mpaka bandari ya siri, ikaja kujulikana ni Maldivi, pale yoti zikapakiwa juu ya meli kubwa yenye walinzi wa silaha zikasafirishwa mpaka karibu na Sharjah, zikashushwa zikamalizia mbio fupi. Hebu fikiria, chombo cha mbio hivo kinabebwa kama kontena.

Miaka mitatu baadae, kipande hicho hicho, Novemba 29 2014, usiku, Team Vestas Wind walipanda mwamba wa Cargados Carajos kaskazini mashariki ya Mauritius kwa kasi ya noti 19, kama kilomita 35 kwa saa. Watu tisa, wakatoka wote hai, wakavuka kwa miguu kwenye maji mafupi na baadae wakapelekwa kisiwa kidogo. Mwamba ule uko kwenye ramani miaka yote, mvuvi yeyote wa huko anaujua. Ila ramani yao ilikuwa ya kompyuta, na ukiitazama kwa mbali ili uone njia ndefu, ule mwamba unapotea, unaonekana kama maji mafupi kidogo ya mita arubaini, lazima ukuze picha ndo utokeze. Hawakuikuza vya kutosha. Watu walijadili sana kosa la nani, mimi najiuliza tu huyo aliyekuwa anaangalia ramani alikuwa amelala masaa mangapi wiki ile, manake jicho lililochoka linaona linachotaka kuona, muulize dereva yeyote wa lori wa usiku hapa Mariakani.

Wakifika bandarini wanatembea kama walevi, misuli ya miguu imeyeyuka, wiki tano hawakutembea zaidi ya mita kumi na nane. Wanapewa baga na bia mbele ya kamera, wanalala kitanda cha hoteli, na wengi wanasimulia kwamba usiku huo wanakurupuka baada ya masaa manne wanatafuta suti ya mvua wavae, wake zao wanawashika mkono.

Nimemtumia mpwa wangu haya yote kwa sauti, vipande sita, akasikiliza vyote kwa sababu nilimwona yuko hewani. Amekaa kimya kama nusu saa alafu kaniandikia, "mjomba, yule ripota ambae hashiki kamba anapika tu, analipwa ngapi?"